Fahamu: Asbesto kwenye mapaa ya zamani

Asbesto ni madini ya nyuzinyuzi yaliyochanganywa na saruji kutengenezea mapaa na kuta. Shirika la Afya Duniani linasema aina zake zote husababisha saratani.

Utaijuaje?
Bodi nene ya kijivu, yenye mawimbi, isiyoshika kutu. Kwa macho huwezi kuwa na uhakika. Maabara ndiyo huthibitisha.

Hatari iko wapi?
Kwenye vumbi. Paa zima lisiloguswa halina shida kubwa. Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ambako nyumba za zamani hubomolewa kupisha maghorofa, ndipo pa kuangalia: nyundo ikigonga, nyuzi hupeperuka, na ugonjwa huweza kujitokeza miaka 20 au zaidi baadaye.

Ufanyeje?
Usikate, usitoboe, usifagie vumbi kavu. Mabaki ya asbesto ni taka hatarishi. Kabla ya kubomoa, wasiliana na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).