Shingo na Ngata

Mtu aliyelelewa kando ya Ziwa Tanganyika hujua tangu utotoni kwamba shingo ni kiungo cha kuchumia riziki: mama wa Ujiji hujitwika juu ya ngata kapu la dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi, na mkwezi wa michikichi huinua uso kukitafuta kichala kileleni. Kwa hiyo tabibu amwambiapo mmoja wao, baada ya kuanguka au maradhi ya uti wa mgongo, kwamba pingili za shingo yake zitaunganishwa kwa mfupa, vyuma na skrubu, hofu imwingiayo si ya kisu, bali ni ya kuishi mkavu kama mlingoti, asiweze kumgeukia amwitaye.

Hofu hiyo ina asili, lakini imepita kiasi. Shingo ina pingili saba, nazo hazikugawana kazi sawasawa. Mbili za juu kabisa ndizo zifanyazo karibu nusu ya mgeuko wote wa kichwa, kulia na kushoto. Aliyeunganishwa pingili mbili za chini hupungukiwa kidogo tu, pengine asitambue. Ila aliyeunganishwa zile za juu, au nyingi kwa pamoja, hana budi kugeuza mabega na kiwiliwili. Barabarani husimama kwanza, akageuka mwili mzima kabla ya kuvuka. Na akiwa Mwislamu, katika sala hutoa salamu ya kulia na kushoto kwa kadiri ya uwezo wake, kama sharia inavyomruhusu mgonjwa.

Upasuaji wa namna hii hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka ziwani kwa reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Lakini tiba haiishii huko, kwani mifupa huchukua miezi kadhaa kushikana, na tumbaku huichelewesha. Hata ikisha kushikana, pingili zilizo juu na chini ya kiungo kilichofungwa hubeba taabu ya mwenzao.

Hapa ndipo ngata inapokuwa adui. Mgonjwa atumie mkono katika kazi ya mawese na dagaa, asitumie kichwa, mpaka tabibu wake aseme vingine. Nasi jamaa zake, tusingoje atuombe, tulitue kapu lile tulibebe wenyewe.