LUKU inakukonyeza, ihesabu!

Wapangaji wa nyumba za LUKU moja, mnajuana! Uniti zikikata saa mbili usiku, tamthilia ndiyo imenoga, kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole. "Pasi yako hiyo!" "Wewe na friji lako!" Kesho yake hata salamu hakuna. Lakini nani kati yenu amepima? Hakuna.

Kipimo kipo hapo hapo ukutani, jamani. Hata mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kukitumia bila kugusa waya hata mmoja.

Mita nyingi za LUKU zina kitaa kidogo chekundu kinachokonyeza. Karibu nacho pameandikwa namba, kwa mfano 1000 au 1600. Maana yake, kitaa kikikonyeza mara hizo, uniti moja imekwenda. Na uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja.

Fanya hivi. Zima kila kitu, chomoa na friji. Kitaa bado kinakonyeza? Basi kuna mlaji amejificha, mtafute! Kikitulia, washa kitu kimoja tu, hesabu makonyezo kwa dakika 6. Kwa mita ya 1000, zidisha kwa 10, hizo ndizo wati. Kwa mita ya 1600, zidisha kwa 10 halafu gawa kwa 1.6.

Balbu ya zamani ya wati 60 itakonyeza mara 6. Ya LED ya wati 9 haifikishi hata mara moja! Pasi hujizima na kujiwasha ikishapata moto, ndiyo maana unahesabu dakika zote 6 upate wastani. Friji nalo usilihukumu haraka, maana mota yake huwaka na kupumzika. Soma uniti mkienda kulala na taa zote zimezimwa, kisha soma tena asubuhi.

Bei? Chukua risiti, ondoa makato ya kodi ya jengo yaliyoanza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021, kisha gawa hela iliyobaki kwa uniti ulizopewa.

Utasema hayo ni mambo ya mjini. Thubutu! Nenda Sepuka, Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, kwenye alizeti na kuku wa kienyeji. Miradi ya REA, wakala ulioanza kazi mwaka 2007, imepeleka nyaya vijijini mkoani humo. Kijana aliyekulia kwenye kibatari anachora ammita kwenye daftari la Fizikia, jioni anarudi nyumbani anakuta soketi. Kidole kinamwasha, anataka kujaribu.

Hapo ndipo penye noma. Betri ya maabara ni volti 1.5, soketi ni volti 230. Ammita ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi hupimi kitu, unapiga shoti. Cheche, moto, na pengine msiba. Balbu ile ya wati 60 inavuta miliampea 260, lakini miliampea 30 tu zikipita kifuani zinaweza kumuua mtu.

Kwa hiyo walimu wetu, ammita ibaki na betri darasani. Kazi ya nyumbani iwe ya macho: kusoma wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa, kuhesabu makonyezo, kujaza jedwali. Mita ikiwa juu ya nguzo, asipande mtu! Asome uniti kwenye kile kiboksi cha ndani cha kuingizia namba. Mita haifunguliwi, na mikono mibichi haishiki plagi.

Na nyie wapangaji, Jumamosi hii kaeni na kalamu na saa. Kila mtu alete chake kihesabiwe, achangie kwa kadiri anavyotumia. Kama ni pasi, itajulikana. Kama ni friji, litajulikana. Na kama ni mwenye nyumba... mtajua wenyewe pa kuanzia!

Tukutane wiki ijayo.