Ubao Unaouzwa kwa Lita

Je, wajua kwamba kuna ubao wa kuchezea baharini ambao swali la kwanza dukani si futi ngapi, ni lita ngapi? Huo ni ubao wa wingifoili, mchezo unaoonekana siku hizi kwenye fukwe za Diani, Watamu na Paje. Mtu amesimama juu ya ubao mfupi, mikononi ameshika bawa la kitambaa lililojazwa hewa, na ubao wenyewe haugusi maji. Unakwenda juu ya mawimbi kwa kimo cha goti hivi, umebebwa na foili iliyo kwenye ncha ya mlingoti mwembamba ulioingia majini. Hakuna injini, wala kamba ndefu za kwenda angani kama za kaiti.

Lita hizo ni ujazo wa ubao mzima, yaani kiasi cha maji ambacho ungesukuma kando kama ungezamishwa wote. Hapa kwetu Kibwezi, Ukambani, ni mbali na bahari, lakini somo hili ni jepesi kulielewa kuliko mahali pengi. Asubuhi yoyote ya kiangazi utawaona punda wakirudi kutoka mtoni au kwenye kioski cha maji, kila mmoja na mitungi minne ya lita 20. Aliyewahi kuwapakia punda hao anajua kwamba lita ya maji ni kilo moja, na kwamba mnyama huyo kabeba kilo 80. Sasa geuza hesabu. Chukua mtungi mtupu, ufunge kifuniko barabara, kisha jaribu kuuzamisha kwenye pipa la maji. Utakusukuma kurudi juu kwa nguvu ya kilo zile zile 20, ukitoa uzito mdogo wa plastiki. Kanuni hiyo aliieleza Archimedes wa Sirakusa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na haijabadilika. Ubao wa lita 100 unaelea kwa nguvu ya mitungi mitano ya namna hiyo iliyofungwa pamoja.

Tumchukue mtu wa kilo 70. Ubao wake una kilo kama 7, foili na mlingoti wake kilo 4, bawa la mkononi kilo 3, na jaketi la kuokolea lililolowa kilo moja. Jumla ni kilo 85. Maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi, ni mazito kidogo kuliko ya mto: lita moja ina kilo 1.025. Kwa hiyo lita 83 zinatosha kumwelesha. Lakini kuelea ni jambo moja na kusimama ni jingine. Akiwa na lita 83 tu, uso wa ubao utalingana na uso wa bahari, kila kiwimbi kitapita juu yake, na akiegemea upande mmoja kidogo upande huo utazama mara moja. Anahitaji akiba. Ndiyo maana kawaida ya walimu ni kumwambia anayeanza achukue uzito wake wa kilo, aongeze 30 au 40, apate lita zake. Wa kilo 70 aanze na lita 100 hadi 110. Karibu nusu ya nyongeza hiyo inabeba vifaa, na nusu nyingine inamnunulia utulivu.

Hapo ndipo penye ajabu ya chombo hiki. Akishapaa, ubao hauna kazi ya kuelea tena. Hata ungekuwa na lita 200 au 40, foili iliyo chini ndiyo inayombeba. Foili ni jozi ya mabawa madogo yaliyofungwa kwenye ncha ya mlingoti, la mbele likiwa kubwa na la nyuma dogo la kusawazisha. Hufanya kazi ile ile ya bawa la ndege, ila maji ni mazito zaidi ya mara 800 kuliko hewa, kwa hiyo eneo dogo linatosha. Bawa la mbele lenye upana wa mita moja kutoka ncha hadi ncha na sentimita 18 kutoka mbele hadi nyuma linaweza kunyanyua kilo 90 kwa mwendo wa kilomita 12 au 13 kwa saa, mwendo wa baiskeli isiyo na haraka. Na nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo: ukienda kasi maradufu, robo ya eneo hilo inakutosha.

Fikra ya foili yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1906 Mwitalia Enrico Forlanini alinyanyua boti kwa mabawa ya namna hii katika Ziwa Maggiore. Mwaka 1919 chombo cha HD-4, kilichotengenezwa Kanada na Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, pamoja na Casey Baldwin, kilipita kilomita 114 kwa saa. Bawa la kushika mkononi ndilo jipya: lilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 2019, baada ya majaribio yaliyofanywa sana huko Maui, Hawaii.

Basi, kwa kuwa foili ndiyo inayobeba kila kitu baada ya kupaa, ukubwa wa ubao unachaguliwa kwa ajili ya dakika ile kabla ya kupaa. Mtazame anayeanza kwa karibu. Amepiga magoti katikati ya ubao, bawa linaelea upande wa demani, unakoelekea upepo. Analishika mpini, analiinua kichwani, na upepo unaingia chini yake. Mara hiyo uzito unaanza kuhama kutoka magotini kwenda mikononi, kwa sababu bawa sasa linamvuta mbele na juu pia. Anaweka mguu mmoja, kisha wa pili. Ubao unayumba, maji yanapiga chini ya pua yake kwa kishindo. Akipata mwendo anakandamiza miguu mara mbili tatu, na kishindo kile kinakatika ghafla. Amepaa. Aliyeshindwa hapo, mara nyingi hakushindwa na bawa wala foili. Alishindwa kupata sekunde kumi za kusimama bila kuanguka, na lita ndizo zinazompa sekunde hizo.

Mabingwa hufanya kinyume. Utamwona mtu wa kilo 80 na ubao wa lita 50, chache kuliko lita anazobeba punda wetu. Akisimama bila upepo anazama hadi kiunoni. Yeye hupiga magoti juu ya ubao uliokwisha kuzama, hungoja upepo ujae bawani, kisha huacha bawa limvute kutoka majini. Faida yake huja akiwa juu: ubao mdogo ni mwepesi kugeuza, hauchoti maji kwenye kona, na upepo haupati pa kuushika. Hasara yake huja upepo ukikata. Wa lita 110 atapiga magoti na kurudi pwani polepole. Wa lita 50 ataogelea.

Lita peke yake hazisemi yote. Mbao mbili za lita 100 zinaweza kutofautiana kabisa, na tofauti kubwa iko kwenye upana. Uwezo wa chombo kinachoelea wa kutolala ubavu hukua kwa upana uliozidishwa kwa wenyewe mara mbili: ubao wa sentimita 75 una karibu utulivu maradufu wa ule wa sentimita 60 wenye urefu huo huo. Wajenzi wa ngalawa walitatua tatizo hili karne nyingi kabla ya kiwanda chochote cha mbao za foili. Mtumbwi wao ni mwembamba ili ukate maji, na upana wa kuzuia kupinduka umepelekwa nje kabisa, kwenye matengo mawili. Ubao wa foili hauna nafasi ya matengo, kwa hiyo mbunifu hulazimika kuchagua. Za mwanzo zilikuwa fupi na pana. Miaka ya karibuni zimekuwa ndefu na nyembamba, kwa sababu ubao mrefu hupata mwendo kwa upepo mdogo na hivyo huwahi kupaa, ingawa humtesa asiyejua kusimama. Kwa anayeanza ningesema bila kusita: achukue upana wa sentimita 70 au zaidi, hayo mengine yatakuja.

Pepo za kwetu nazo zina neno. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, na katikati yake kuna wiki za upepo dhaifu na utulivu ambapo ubao mdogo ni mzigo tu. Kwenye fukwe zinazotazama mashariki, kama Diani na Paje, kusi na kaskazi zote mbili huja kwa mshazari kutoka baharini, jambo linalomsaidia aliyekwama kusukumwa kurudi pwani. Lakini zinapanda na kushuka ndani ya saa moja. Kwa maoni yangu mtu anayecheza Afrika Mashariki, na si Maui, asishuke chini ya lita zinazolingana na kilo zake mwenyewe hadi apite misimu yote miwili. Wa kilo 70 ajifunze kwa ubao wa shule wa lita 110, kisha ule wa kununua kwa fedha yake uwe wa lita 85 au 90. Akinunua wa lita 110 atauchoka ndani ya miezi michache, na akinunua wa lita 55 atauacha ghalani.

Bamvua, zile siku za maji makubwa, pia huamua. Siku hizo maji kujaa na kupwa hutofautiana kwa zaidi ya mita 3, na mlingoti wa foili una sentimita 70 hadi 90. Maji yakipwa Paje, foili hugonga mchanga, matumbawe au vigingi vya mashamba ya mwani ambayo akina mama wanayategemea kwa riziki. Hapo hakuna lita itakayosaidia, ni kuangalia jedwali la maji na kukaa mbali na mashamba ya watu.

Na maji baridi je? Ziwa la bwawa la Masinga, lenye eneo la kama kilomita za mraba 120, ndilo kubwa katika Ukambani, na liko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ubao wa lita 100 ungebeba kilo 2.5 pungufu humo kuliko Mombasa, na hewa yenyewe ni nyepesi kwa karibu asilimia 10, kwa hiyo bawa nalo lingehitaji kuongezwa. Naitoa kama hesabu tu. Masinga kuna mamba na viboko, na simshauri mtu kuingia.

Kuna jambo moja linalomhusu kila anayeshuka na ubao wake kutoka Nairobi kupitia Emali, Makindu na Kibwezi. Ndani ya ubao kuna povu lililojaa hewa, na mbao nyingi zina skrubu ndogo ya kupumulia. Nairobi kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 18, na Kibwezi, kwenye mita kama 900, kwa asilimia 10. Ubao uliofungwa kabisa Nairobi utabanwa kutoka nje kadiri gari linavyoteremka, na ukirudishwa umefungwa utavimba kutoka ndani, hasa ukiwa juu ya gari kwenye jua la mchana. Baadhi hubanduka ngozi kwa njia hiyo. Kwa hiyo skrubu hulegezwa safarini, na hukazwa tena kabla ya kuingia baharini. Anayenunua ubao wa mtumba aupime kwenye mizani kwanza, kisha alinganishe na uzito ulioandikwa na kiwanda: ukizidi kwa kilo 3, kuna lita 3 hivi za maji ndani yake, na kwa kawaida yaliingilia kwenye skrubu hiyo au kwenye reli za kufungia mlingoti.