Krimu au Jeli ya Kunyolea?

Ndugu Waislamu, kunyoa kinena ni sunna ya fitra, na Hadithi ya Anas bin Malik katika Sahih Muslim imeweka mpaka wa siku 40. Wengi hunyoa pakavu, nywele zikajikunja na kuingia ndani ya ngozi. Joto letu la Unguja likazidisha vipele. Krimu hutoa povu zito, hulainisha nywele ngumu. Jeli isiyo na povu huteleza, na kipele unakiona kabla hujakikata. Iwe isiyo na manukato. Asiye na uwezo, maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuogea vinatosha (ya kufulia, hapana).

Wembe ndio hatari. Virusi vya homa ya ini aina ya B huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye damu isiyoonekana. Basi usiazimane wembe, hata na mwenza wako, na kinyozi wa Darajani afungue mpya mbele yako.