Kuchambua, Kufariki na Kukoma: Asili ya Maneno Machache

Mwalimu mmoja ametuuliza kama kuchambua sentensi na kuchanganua sentensi ni jambo moja lenye majina mawili. Swali ni dogo, lakini tulipolifuata lilitupeleka mbali, hata likatufikisha makaburini. Basi twaomba msomaji atuvumilie.

Tuanze na kuchanganua, kwa kuwa asili yake ni wazi. Wasomaji wanajua ya kuwa kiishio -ua mara nyingi hutangua kazi ya kitenzi cha kwanza: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua, fumba, fumbua. Vivyo hivyo anayechanganya huvitia vitu pamoja, na anayechanganua huvitenga tena. Pambana na pambanua hufuata njia iyo hiyo: vitu vilivyokutana huachanishwa, kila kimoja kikaonekana kwa sura yake. Mwenye kuchanganua hasemi kwamba hiki chafaa na kile hakifai. Yeye hutenga tu.

Kuchambua ni kazi nyingine, nayo asili yake ni kazi ya mikono. Pamba huchambuliwa ili mbegu zitoke. Katika Unguja na Pemba karafuu zikiisha kuchumwa, watu huketi mkekani wakazichambua, karafuu upande mmoja na makonyo upande wa pili, ndipo zianikwe. Hapo pana hukumu, maana mwenye kuchambua amekwisha jua anachokitafuta. Wala makonyo si takataka, kwa kuwa hutolewa mafuta. Na ingekuwa vema wachambuzi wakali wa maandishi ya wenzao walikumbuke jambo hili. Basi tungemjibu mwalimu hivi: sentensi na ichanganuliwe katika sehemu zake, lakini insha ya mwanafunzi na ichambuliwe, iliyo njema itengwe na iliyo dhaifu.

Wayunani nao walikuwa na neno lao la kazi hii, analusis, na lugha nyingi za Ulaya zimelitwaa. Ndani yake mna kitenzi chenye maana ya kulegeza au kufungua, kama mtu afunguavyo fundo. Ni kama -ua yetu. Lakini katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, 4:6, neno lilo hilo si la darasani hata kidogo. Paulo analitumia kwa kifo chake mwenyewe. Wafafanuzi wengine huona hapo picha ya chombo kilichofunguliwa kamba ili kitweke, wengine hema iliyong'olewa. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa ile ya kwanza.

Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952 iliweka hapo kufariki, nasi twaona ya kuwa neno hili lilichaguliwa vema kuliko wengi wanavyodhani. Walio wengi hulichukua kuwa ni neno la adabu tu, la kuepuka kutamka kufa. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kuachana na mtu au mahali. Ndiyo sababu twasema kufariki dunia. Ndugu zake ni kufarakana na mafarakano. Kwa hiyo Kiswahili, pasipo kuiga Kiyunani, kina shina moja la kutengana na la kufa.

Hapo ndipo tulipokumbuka maziko ya mzee mmoja, ambapo msemaji alitangaza ya kuwa marehemu "amefikia kikomo." Mjane aliinamisha kichwa, na wazee wakatazamana. Sarufi haikuwa na kosa. Lakini kukoma ni kusimama usiendelee: mtoto aliyeonywa hukoma, njia hukoma mtoni. Hakuna utimilifu ndani yake. Angalisema mzee ametimiza siku zake, asingalimwumiza mtu.

Kutimia, timamu na tamati ni wa shina moja la Kiarabu lenye maana ya kukamilika. Mwandishi wa utenzi aliyeweka tamati chini ya ubeti wake wa mwisho hakusema kwamba kalamu imesimama, bali kwamba kazi imetimia. Hatima ina asili nyingine. Shina lake lahusu kutia muhuri, na kutoka hapo twapata kuhitimu, yaani kumaliza mafunzo, na hitima, kisomo cha Korani kinachosomwa kwa ajili ya marehemu. Barua haitiwi muhuri ikiwa nusu. Hutiwa ikiisha kuandikwa yote, nayo hutiwa ili ipelekwe kwa mwenyewe.

Kwisha, neno letu la Kibantu, lina tabia yake ya pekee. Chumvi ikiisha, haipo tena. Lakini "amekwisha kula" ni habari ya jambo lililokamilika, si ya mtu aliyetoweka. Na kisha, iliyotokana na kitenzi icho hicho, hutumika kuanzisha habari inayofuata. Msimuliaji asiye na kisha hawezi kuendelea na hadithi yake.

Limebaki neno akhera, ambalo mara nyingi huelezwa darasani kana kwamba maana yake ni mwisho tu. Shina lake ni la kuwa nyuma, au kuja baadaye. Nalo ndilo lililotupa pia kuahirisha, neno linalotumiwa kila siku na wenyeviti wa mikutano.