Bogenvilia Haitaki Maji Mengi



Ukipita Umoja, Buruburu au Kayole utaona bogenvilia juu ya kuta na mageti: nyekundu, zambarau, nyeupe. Ni mmea wa miaka mingi, ukiupanda leo wajukuu watauona.

Akina mama wa kikundi kimoja walipanda miche 30 ya kuuza, kwa pesa ya chama. Yote ikaoza. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyewaambia wanyunyize kila siku, asubuhi na jioni. Basi tuliketi pamoja tukajifunza upya.

Maji. Asili ya mmea huu ni Amerika Kusini, na umezoea ukame. Ukipewa maji kila siku unaota majani tu. Tena sehemu kubwa ya Eastlands ina udongo mweusi, ule unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Unashika maji, mizizi inakosa hewa, inaoza. Kwa hivyo tumia debe au ndoo kuukuu, toboa matundu chini, changanya udongo mwekundu, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole. Ukisikia unyevu, wacha. Kwetu sisi ambao mfereji hukauka siku nyingi, hiyo ni nafuu. Maji uliyooshea mboga yanatosha.

Jua. Inataka jua saa 6 kwa siku au zaidi. Ukikaa ghorofani, iweke upande unaopigwa na jua.

Kukata. Maua hutokea kwenye matawi mapya. (Kumbe ile rangi ni majani yaliyogeuka, ua lenyewe ni lile dogo jeupe katikati!) Rangi ikiisha, punguza matawi. Jihadhari na miiba, hasa kukiwa na watoto.

Miche. Usitupe ulichokata. Chagua tawi lililokomaa, nene kama penseli, ukate vipande vya sentimita 15 hadi 20. Toa majani, chomeka nusu yake kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, ndani ya paketi ya maziwa iliyotobolewa. Weka kivulini. Udongo uwe na unyevu kidogo tu, usilowe. Ngoja wiki 6 hadi 12, na usiwe unavuta eti uone kama mizizi imetoka. Mizizi yake hukatika upesi, kwa hivyo wakati wa kuhamisha pasua paketi, uutoe mche na udongo wake wote.

Kikundi kimepanda tena, vipande 20 kwanza, si 30. Wanashika zamu, na mwenye zamu anagusa udongo kabla ya kushika mtungi.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Je, ni ushauri gani tuliopewa tukaufuata bila kuujaribu kwanza kwa kiasi kidogo?
2. Hasara ikitokea kwenye mradi wa chama, nani anaibeba?