Kuiandaa Pikapu kwa Safari za Nyika: Uzito Kwanza, Urembo Baadaye

Utangulizi

Huenda ukashangaa kumwona mwanafunzi wa fasihi akishika spana mahali pa kalamu. Sababu ninayo. Mwezi wa Agosti mwaka 2023, sisi wanafunzi watatu na dereva wetu tulikodi pikapu ya milango minne ili kwenda Kalacha, katika Kaunti ya Marsabit, kurekodi ngano za Wagabra. Gari lenyewe lilipendeza machoni: bampa nzito la chuma mbele, safu ya taa juu ya keria na matairi mapana yenye meno makubwa. Tuliiacha lami Bubisa, na kabla ya kufika Maikona springi ya nyuma ikakatika. Tulikaa hapo siku mbili tukingoja fundi. Tulipowasili Kalacha, mzee tuliyeagana naye alikuwa ameshahama na ngamia wake, na ngano tulizozifuata zikahama naye.

Fundi yule hakutulaumu. Aliitazama springi, akazitazama taa, kisha akasema kwamba gari letu lilikuwa limevishwa kabla ya kulishwa. Makala haya ni ufafanuzi wa kauli hiyo. Yanalenga kueleza mambo ya kufanyiwa pikapu ili ihimili barabara mbovu na safari ndefu, na kuonyesha kwa nini mpangilio wa mambo hayo una uzito kuliko wingi wake.

Hesabu ya mzigo

Pikapu zinazotumika sana kaskazini mwa Kenya, kama vile Toyota Hilux na Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, zimejengwa juu ya chesisi ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa mithili ya ngazi. Nyuma hubebwa na springi za mabamba yaliyopangwa moja juu ya jingine. Muundo huu ni imara, ila una kikomo. Kila gari lina uzito wa juu ulioruhusiwa na mtengenezaji, nao hujumlisha gari lenyewe, watu, mafuta na mizigo. Kwa pikapu nyingi za milango minne, nafasi inayobaki baada ya kuondoa uzito wa gari tupu hukaribia tani moja.

Tani moja yaonekana kuwa nyingi, lakini hebu tuhesabu. Watu wanne wa kilo 75 kila mmoja ni kilo 300. Maji lita 80 ni kilo 80. Dizeli ya akiba lita 100 ni takribani kilo 84. Bampa la chuma pamoja na winchi hufika kilo 100. Keria na hema la juu, kilo 100 nyingine. Tairi la pili la akiba na vifaa vya fundi ni kama kilo 80, na vyakula, malazi na vyombo vya kupikia kilo 100. Jumla ni kilo 844, na bado hatujataja kifuniko cha nyuma wala betri ya pili. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Dereva haulemewi mgongo wake, hivyo husahau kwamba gari linalemewa.

Mahali pa kuuweka mzigo pana umuhimu sawa na kiasi chake. Kilo 100 zilizofungwa nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kazi kama mtu aliyekalia ncha ya wenzo: huipinda chesisi na kulipunguzia gurudumu la mbele uzito wa kulisaidia kushika njia. Kwa hiyo maji na mafuta yakae chini, karibu na kichwa cha gari, na juu ya keria viwekwe vitu vyepesi tu.

Springi na shokomzoba

Baada ya kuhakikisha kwamba injini, radiata, breki na klachi ni zima, fedha za kwanza ziende kwenye springi. Springi ichaguliwe kulingana na mzigo unaobebwa kila mara. Ikiwa nyepesi mno hulala na kukatika; ikiwa ngumu mno gari tupu hurukaruka na kupasua chesisi. Wapo wanaotia mifuko ya hewa ili sehemu ya nyuma isiiname. Gari huinuka kweli, lakini uzito haujapungua hata kilo moja.

Shokomzoba nayo ina kazi ya kuutuliza mdundo wa springi. Barabara ya changarawe iliyojaa matuta madogo mithili ya bati huifanya ipande na kushuka mfululizo. Mwendo huo hugeuka joto ndani ya mafuta yake, mafuta hutoa povu, na shokomzoba huacha kufanya kazi. Hapo springi hubaki peke yake. Ndivyo ilivyotokea kwetu: shokomzoba zilikuwa zimevuja zamani, springi ikabeba kazi ya wawili.

Matairi

Tairi ndilo kiungo pekee kinachogusa ardhi. Katika mawe ya volkano ya Dida Galgalu, adui ni ncha kali inayochana ubavu. Kwa hiyo chagua tairi la magari ya mizigo lenye ubavu mnene, kisha ulitazame meno baadaye. Matairi makubwa kupita kiasi yana gharama iliyofichika. Tairi lenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 10 huipa injini na breki kazi zaidi, na huidanganya dira ya mwendo: inaposoma kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda 88.

Jambo linalosaidia zaidi kwenye mchanga halina bei. Ni kupunguza upepo. Tairi lililokuwa na pauni 38 kwa kila inchi ya mraba likishushwa hadi pauni 18 hivi, alama yake ardhini hurefuka na gari huelea badala ya kuzama. Hata hivyo, ni sharti mwendo upunguzwe, kona zisikatwe kwa ghafla, na upepo urudishwe mara tu ardhi inapokuwa ngumu. Kwa hiyo pampu ya umeme na kipimo cha upepo ni vya lazima kuliko taa kumi.

Maji na vumbi

Bomba la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo hudhaniwa kuwa ni la kuvukia mito tu. Kaskazini faida yake ya kila siku ni kuvuta hewa yenye vumbi dogo. Kwenye maji huzuia maafa, maana maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, mkono wa pistoni hupinda.

Fauka ya hayo, ekseli zina vitundu vya kupumulia. Ekseli iliyopata joto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji yanayoharibu mafuta ya gia. Mpira mwembamba wa kupandisha vitundu hivyo hadi chini ya boneti ni rahisi, lakini wengi huusahau. Na laga iliyofurika haivukwi: mvua iliyonyesha mbali yaweza kuleta mafuriko mahali palipo na jua.

Kujinasua

Beleshi, ubao wa kuwekea jeki, vibao vya kukanyagia mchangani na kamba imara hutangulia winchi. Ukinunua winchi, nguvu yake iwe angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limesheheni: gari la tani 3 lahitaji winchi ya tani 4.5. Kamba isifungwe kamwe kwenye kibonge cha kukokotea trela, kwani kikikatika huruka kama risasi. Watu wasimame mbali, na waya ulazwe blanketi zito juu yake.

Hitimisho

Usione vyaelea, vimeundwa. Pikapu ifikayo huundwa kwa utaratibu huu: afya ya gari, springi na shokomzoba, matairi, maji na mafuta, vifaa vya kujinasua, taa na bampa huja mwisho, iwapo hesabu ya kilo ingali inaruhusu. Mabadiliko makubwa ya umbo yaarifiwe Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) pamoja na kampuni ya bima.

Mwaka uliofuata tulirudi Kalacha kwa pikapu kuukuu isiyo na taa hata moja juu ya keria. Springi zake zilikuwa mpya. Tulifika siku tuliyoahidi, na mzee alikuwepo.